Sifuri ifichwe, isifutwe

Kila mwisho wa mwezi huwa nafungua jedwali la pivoti la mauzo kwenye Excel, yaani jedwali linalojumlisha rekodi nyingi kwa makundi. Bidhaa zimeteremka kushoto, miezi imejipanga juu, na katikati sifuri zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Anayetaka kuziondoa namwelewa kabisa. Ninachokipinga ni namna wengi tunavyoziondoa.

Njia mbaya kuliko zote ni kuchuja mistari ambayo jumla yake ni sifuri. Chukua bidhaa iliyouzwa katoni 5 mwezi Januari, mteja akazirudisha zote 5 mwezi Februari. Jumla yake ni sifuri, kwa hiyo ukichuja, mstari mzima unaondoka pamoja na habari yake: kwamba mali ilitoka na ikarudi. Niliwahi kupeleka ripoti ya namna hiyo kwa mkubwa wangu. Aliniuliza bidhaa zilizorudishwa ziko wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Wengine hupaka sifuri rangi nyeupe. Inapendeza hadi siku unapobadili mtindo wa jedwali ukaingia wenye mistari ya rangi, zikaibuka zote.

Njia ninayoiamini ni uumbizaji wa masharti, ule wa kitufe cha Conditional Formatting. Unaweka sharti kwamba thamani ya seli ikiwa sawa na 0, fomati ya namba iwe nukta mkato tatu: ;;; basi. Fomati ya namba ina sehemu nne zinazotenganishwa na alama hiyo: namba chanya, hasi, sifuri, na maandishi. Ukiziacha zote tupu, seli haionyeshi kitu, lakini thamani yake imebaki palepale na hesabu haziguswi. Data ikisasishwa na sifuri ikawa 12, basi 12 inajitokeza yenyewe.

Kuna jambo moja hapo ambalo watu hulipita haraka. Unapotengeneza sharti ndani ya pivoti, Excel inakuuliza litumike wapi, na inakupa machaguo matatu. Usiliache kwenye seli ulizochagua tu. Chagua chaguo la tatu, linalotaja seli zote za thamani hiyo kwa bidhaa na miezi yako. Usipofanya hivyo, mwezi mpya ukiingia utakuja na sifuri zake.

Utakutana pia na sifuri isiyokubali kufichika. Mara nyingi hiyo si sifuri. Ni 0.3 iliyofupishwa machoni, na sharti linatazama thamani halisi. Mimi naona ni vizuri inavyokataa, kwa sababu hapo kuna kitu cha kufuatilia.

Kinachonisumbua zaidi ni seli tupu. Katika pivoti, tupu kwa kawaida maana yake hakuna rekodi hata moja, na sifuri maana yake rekodi zipo ila zimefutana, au mtu aliandika 0 kwa mkono wake. Ukizificha kabisa, hizi mbili zinafanana. Ndiyo maana siku hizi badala ya nukta mkato tatu naandika ;;"–" ili sifuri iwe kistari, kisha nakipa rangi ya kijivu. Jicho linapita bila kukwama, na anayetaka kujua kama rekodi ilikuwepo anaona.

Lakini haya yote ni kwa mauzo. Kwenye jedwali la akiba ya bidhaa zilizobaki stoo sifichi sifuri hata moja, na ningeomba wanaotengeneza ripoti za zahanati na maduka ya dawa wasizifiche pia. Pale sifuri ya dawa mseto ya malaria ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye ukurasa: kuna mama atakayefika na mtoto mwenye homa na kuambiwa dawa imeisha. Sharti ni lilelile, thamani sawa na 0. Ila hapo naijaza seli nyekundu, na maandishi yawe meupe yaliyokolezwa.