Ghorofa Zimeongezwa, Jedwali la Maegesho Limeachwa

Nimeisoma rasimu ya marekebisho ya kanuni za kanda za matumizi ya ardhi, yaani zinazosema nini kijengwe wapi, ambayo madiwani wataipigia kura baada ya kupokea maoni ya wananchi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi viambatisho, na kilichoniudhi hakimo katika vifungu vilivyopigiwa debe, bali katika jedwali dogo la mwisho ambalo halikuguswa hata kidogo. Rasimu inaruhusu mitaa ya makazi iliyokuwa na kikomo cha ghorofa tatu ifike ghorofa sita, na hilo ni jema. Jedwali, hata hivyo, linaendelea kudai nafasi moja na nusu ya kuegesha gari kwa kila fleti. Kwa mwenye kiwanja kidogo, ruhusa ya ghorofa sita imekwisha kufutwa kabla hajamwita mchora ramani.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ilipaswa kuwekwa mbele ya wananchi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25. Ghorofa sita zenye fleti mbili mbili zinatoa fleti 12, na fleti 12 zinadaiwa nafasi 18. Gari likisimama linahitaji takriban mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na kugeuzia, kila nafasi hula mita za mraba 25 hadi 30. Kwa uchache magari yanataka mita za mraba 450 katika kiwanja chenye 500, ilhali kanuni hizo hizo zinaagiza mita tatu za kila upande ziachwe wazi. Baada ya kuziacha, zinabaki mita 14 kwa 19. Mwenye kiwanja akiitoa sakafu yote ya chini kwa magari, anapata nafasi kumi, ambazo zinamruhusu fleti sita tu. Na fleti sita ni ghorofa tatu zile zile za zamani. Anayeshauri wachimbe chini ya ardhi naye achore mteremko wa kushukia: kwa mwinamo wa moja kwa nane, yaani kushuka mita moja kwa kila mita nane za mbele, kushuka mita tatu kunahitaji urefu wa mita 24, na kiwanja chote kina mita 25. Atakayefaidi ghorofa sita ni yule mwenye uwezo wa kununua viwanja vitatu vinavyopakana na kuviunganisha kuwa kimoja.

Sharti hili si amri iliyoshuka na ardhi. Columbus, katika jimbo la Ohio, ililiweka kwa majengo ya fleti mwaka 1923, na miji mingi ikalifuata kwa kunakiliana majedwali bila kupima mahitaji yake yenyewe. London ilikwisha kugeuza mwelekeo mwaka 2004, ikaacha kuweka kiwango cha chini cha maegesho na badala yake ikaweka kiwango cha juu. Jiji la Mexico lilifanya hivyo mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Buffalo, mji wa jimbo la New York, ilifuta viwango vya chini. Minneapolis, nayo ya Marekani, inayosifiwa kwa uamuzi wake wa mwaka 2018 wa kuruhusu hadi makazi matatu katika viwanja vya familia moja, haikuishia hapo. Mwaka 2021 iliondoa sharti la maegesho jiji zima.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hofu ya wakazi ina msingi. Magari yakikosa pa kukaa hupanda njia za waenda kwa miguu, na mwenye kiti cha magurudumu hulazimika kushuka barabarani katikati ya pikipiki na malori. Lakini dawa ya gari lililoegeshwa vibaya ni kulitoza na kuliondoa, wala si kumlazimisha mpangaji asiye na gari alipe, ndani ya kodi ya kila mwezi, gharama ya zege iliyomwagwa kwa ajili ya gari la mwingine. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Mhudumu wa hospitali anayepanda basi alfajiri anamlipia jirani yake maegesho, na hakuna risiti inayomwambia hivyo.

Kifungu cha kuruhusu maduka sakafu ya chini nakiunga mkono. Muda wa kutoa maoni ni mfupi mno. Wala sipingi kuwapo kwa kanuni: New York ilitunga zake mwaka 1916, baada ya jengo la Equitable lenye ghorofa 38 kumalizika mwaka 1915 na kuzitia kivuli barabara na majengo ya jirani, na haki ya jirani kupata mwanga ni haki ya kweli.

Katika maoni yangu ya maandishi nimeomba jedwali lifutwe lote. Ikiwa madiwani wanasita, basi waviondolee sharti hilo angalau viwanja vya chini ya mita za mraba 600, pamoja na vyote vilivyo umbali wa kutembea kutoka vituo vya mabasi, na rasimu iambatishwe na mchoro wa kiwanja kimoja cha kawaida unaoonyesha ghorofa ngapi zinaweza kujengwa humo kwa kweli kabla kura haijapigwa.