Siku kumi za katekista

Jumapili iliyopita kwenye matangazo zilisomwa ndoa tatu, ukafuata mchango wa paa, halafu jina la mzee anayetuongozea kigango: kuanzia leo hatahudumu tena. Basi. Sababu haikutajwa. Watu wakageuza shingo kumtazama alipokaa na mkewe, nami ndani yake nikamwona baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa katekista miaka 19, akizungukia vigango kwa baiskeli yake mwenyewe. Akatuhumiwa kula sadaka ya mavuno. Hakuitwa kujieleza, barua hakupewa. Alisikia jina lake pamoja na waumini wengine wote. Baada ya miezi minane fedha zile zilikutwa zimeandikwa kwenye daftari jingine. Siku hiyo halikusomwa tangazo lolote.

Nakubali, Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haikumsahau kabisa. Kanuni ya 50 inataka anayeweza kuumizwa na amri asikilizwe kwanza kadiri inavyowezekana. Ya 51 inataka amri iandikwe na sababu zake zitajwe. Tatizo ni pale zinapovunjwa. Mnyonge anatakiwa amwandikie yuleyule aliyemwondoa, amsihi abadili amri, ndani ya siku 10. Akikataliwa, ana siku 15 za kwenda kwa mkubwa wa huyo aliyemwondoa. Mahakama ya jimbo, yenye majaji na muhuri, hairuhusiwi kugusa shauri lake. Kanuni ya 1400 imeifungia mlango. Mahakama ya kumsikiliza ni Signatura ya Kitume, nayo iko Roma. Mzee wa kigango, Roma!

Najua siku hizo hazihesabiwi kwa asiyejua haki yake. Lakini nani atamthibitishia kwamba hakujua?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilionekana mapema. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1967 iliridhia miongozo 10 ya kurekebisha sheria, na wa saba ulitaka ziwepo mahakama za mashauri ya kiutawala, yaani za kusikiliza wanaopinga amri za viongozi wa Kanisa, za ngazi mbalimbali. Rasimu za sheria zilikuwa na mahakama hizo. Mwishoni mahakama hizo zikaondolewa. Kesi za ndoa zilirahisishwa mwaka 2015, na nashukuru. Mwaka 2023 Papa Fransisko akawaongezea watawa wanaofukuzwa muda wa kukata rufaa, kutoka siku 10 hadi 30, kwa sababu muda ule haukulinda haki zao. Je, wa katekista unamlinda?

Maaskofu wetu waombe Roma iruhusu mahakama ya namna hiyo hapa nchini, hata moja tu, yenye majaji wasiokula meza moja na mshtakiwa wala mshtaki. Na hizo siku 10 ziwe 30 kwa kila mbatizwa.

Leo ni Alhamisi. Mzee wetu amebakiwa na siku sita, na sidhani kama kuna aliyemwambia. Jioni nakwenda kwake na karatasi na kalamu.