Anayemtupia koyote kuku ndiye anayemuua

Jumanne alfajiri nilikuwa natoka zamu ya usiku, theluji imeanguka hadi vifundoni. Kando ya makaburi ya Rosehill, hapa kaskazini mwa Chicago, nikamkuta koyote, mnyama wa porini wa Amerika wa jamii ya mbwa, amesimama chini ya taa ya barabarani: miguu myembamba, wekundu nyuma ya masikio, mkia ameuning'iniza chini. Kati yetu hatua kumi tu. Bibi yangu kule Singida alitufundisha kwamba fisi hakimbiwi. Nikainua mikono, nikamkemea kwa sauti yangu yote. Akanitazama, akapenya kwenye uzio, akaenda zake.

Huyo hakunikera. Kilichonikera nilikikuta nyuma ya jengo letu: mapaja ya kuku kwenye sahani, kando ya mapipa ya taka. Anayeyaweka ni jirani yangu, mama mtu mzima wa Bukavu. "Mwanangu, na baridi hii watakula nini?"

Watakula panya, mama. Watakula sungura, na majira ya kuchipua watakula mayai ya bata bukini waliojaa kwenye bustani zetu. Tangu mwaka 2000 mtafiti wa wanyamapori Stanley Gehrt na wenzake wamekuwa wakiwavisha koyote wa Kaunti ya Cook, yaani Chicago na viunga vyake, mikanda ya shingoni yenye redio ya kuwafuatilia, na walichokiona ni wanyama wanaotembea usiku na kutukwepa. Kinachowaua zaidi mjini ni magari. Njaa wanaimudu wenyewe.

Woga wao ndio unaowaweka hai, na sahani ile inauondoa. Leo anakuja usiku, kesho anakuja mchana, keshokutwa anamsogelea mtoto mwenye mkate mkononi. Hapo mtu atapiga simu na mnyama atauawa, na eneo lake litachukuliwa na mwingine, naye atakuta sahani ile ile! Hii si huruma. Ukimpenda mnyama wa porini, mwache akuogope.

Wenye vijibwa wana haki ya kuwa na wasiwasi, nakubali, hasa Januari hadi Machi wakati wa kupandana. Basi mbwa atembee na kamba, fupi. Na ndiyo, koyote wamewahi kuua watu: mtoto huko California mwaka 1981 na msichana huko Nova Scotia, Kanada, mwaka 2009. Sijui kifo kingine. Yule aliyeingia kwenye duka la sandwichi katikati ya jiji hili Aprili 2007 alijilaza kwenye friji ya vinywaji, hakumgusa mtu.

Jana jioni nilibisha kwa mama. Tulikunywa chai, nikamweleza kwa adabu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sikujua, mwanangu." Leo asubuhi sahani haikuwapo. Lakini kwenye theluji nyayo zilikuwa zimefika hadi kwenye mapipa, zikazunguka mara mbili pale ilipokuwa sahani, zikarudi makaburini.