Umetuletea nini?

Miezi 11 nimeizunguka dunia kuelekea magharibi: London, New York, nikavuka Pasifiki na siku nzima ikapotea kwenye mstari wa tarehe, hadi Tokyo. Jana nashuka boti Malindi, Unguja, miguu imevimba, sijafika hata mtaani kwetu Jang'ombe, simu inalia: "Umetuletea nini?"

Wallahi inauma. Hakuna aliyeuliza kama niliumwa, au Ramadhani nilifuturu na nani. (Nilifuturu peke yangu, siku nyingi, kwa tende na maji.) Jirani kaingia, kalifungua begi langu kwa mkono wake, nami nimesimama pale pale!

Mama tu ndiye aliyenipa uji wa pilipili manga, akasema, "Lala, mwanangu." Nyinyi wengine, tafadhalini, mwacheni mtu akoge kwanza.