Nyavu za mjomba ziko fine

Mkija Kigoma mkamkuta mjomba wangu pale mwalo wa Kibirizi, tafadhali msimwambie kitu chake chochote kiko fine. Atawafukuza na kasia.

Ilikuwa baada ya lile zoezi la 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumue wazaane, kwa hiyo wakubwa bado walikuwa macho na habari za nyavu haramu. Halafu kilikuwa kipindi cha mbalamwezi, na mnajua dagaa wetu anafuata taa, mwezi ukiwaka hivyo taa yako anaiona upuuzi tu, basi wavuvi wote wako nchi kavu wanashona nyavu, wanacheza drafti na kubishana Simba na Yanga.

Ndo akaja mzungu mmoja mtaalamu wa samaki, kaongozana na bwana samaki wetu, yaani ofisa uvuvi, ambaye siku hiyo kavaa fulana na kandambili, anawaamkia wazee shikamoo kwa upole mpaka tukajua leo kaja kusindikiza mgeni tu.

Mkalimani akawa Dikshenari, jirani yetu, Kiingereza chake kakiokota kwa kubeba mabegi ya watalii wanaokwenda Gombe kuangalia sokwe. Maneno anayo mengi sana yule jamaa ila kila neno analo kwa maana moja. Fine kwake ni ile ya shule ya msingi, darasa zima mnasimama mnaimba "aimu faini tichaaa!" Yaani nzuri, safi, mzima. Kamaliza.

Dalili tuliziona kwenye msosi. Shangazi kapika mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, mgeni kala vizuri tu kamaliza, shangazi kainama na bakuli amwongeze, mgeni kaweka mkono juu ya sahani, "I'm fine, I'm fine."

"Anasema chakula kizuri," Dikshenari huyo.

Shangazi meno yote nje, kadondosha mgebuka mwingine mzima na kichwa chake. "No, really, I'm fine!"

"Anasema kizuri kwelikweli, shangazi."

Likaja tonge lingine la ugali saizi ya kichwa cha mtoto. Mgeni jasho linamtoka, mawese kidevuni, anaomba msamaha kwa macho. Kumbe wenzetu ukisema fine mbele ya bakuli maana yake nimeshiba, inatosha. Bwana samaki anatafuna zake kimya, nadhani hapo ndo alishaona huyu mkalimani leo atamrahisishia kazi.

Tukarudi mwaloni. Mgeni kashika wavu wa mjomba, anajaribu kupitisha kidole kwenye tundu, hakipiti, anachukua kalamu, nayo inagoma. Akatikisa kichwa. "This is very fine."

"Anasema wavu mzuri sana."

"Mbona anatikisa kichwa?"

"Haamini, mzee."

"It's too fine!"

"Anasema uzuri umepitiliza."

Mjomba kifua mbele. "Mpwa, kalete ile ya uvunguni."

"Mjomba... ile?"

"Ileile! Mgeni aone kazi ya mikono."

Ile ya uvunguni imeshonwa kwa vyandarua, ile bluu, hata mbu wa Kibirizi anaijua. Nikaibeba kichwani nikapita nayo mbele ya bwana samaki, na akanisaidia kushika upande mmoja isiburuze mchangani. Wavuvi wengine wivu ukawashika, yaani asifiwe huyo tu? Huyu kakimbilia bandani kwa kuku, yule kapanda darini, ndani ya muda mfupi mchanga wote umefunikwa, maonesho ya Nane Nane matupu. Mgeni anapiga picha mdomo wazi. "Oh my God, so fine!"

"Jamani, mpaka anamtaja Mungu!"

Hapo bwana samaki akatoa kitabu cha risiti mfukoni. "Wazee wangu, mgeni anasema matundu madogo mno. Humu hata dagaa wa jana hapiti, tunavua vitoto, mwakani tutavua nini?"

"Sasa si ungesema toka mwanzo!"

"Ningemwingiliaje mkalimani kazini kwake?"

Mimi baadaye nikaenda kuchimba, nikakuta hiyo fine ya kusifia na faini ya kulipa baba yao mmoja, neno la Kilatini finis, mwisho. Kitu kilichofika mwisho wa ubora kikawa fine, kesi iliyofika mwisho kwa kutoa hela ikawa faini, na hata fainali ni wa ukoo huohuo. Halafu mchanga laini fine, uzi mwembamba fine, jua zuri fine, na mkeo akijibu "fine" kwa mkato kalale kwa jirani. Waingereza kwenye kubana matumizi hawana mpinzani.

Nyavu zikarundikwa kusubiri kiberiti. Mjomba kakaa ukingoni mwa mtumbwi na risiti mkononi, kanywea, mgeni kamwonea huruma, kaenda kamshika bega. "You'll be fine," kamwambia.

Dikshenari, ambaye sasa alikuwa kashapata maana ya pili na ile ya kwanza kaitupa ziwani, akakohoa kidogo. "Anasema utapigwa faini."

"Mwambie nimeshapigwa," mjomba akajibu, "risiti hii hapa, aipige picha na yenyewe."