"Soma Mwongozo, Dogo"

Kuna kijana yuko field ofisini kwetu, mtoto makini, anauliza maswali yanayowakera wakubwa kwa sababu ni mazuri. Wiki hii alikuwa anafukuzia hitilafu ya malipo: taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu ikichelewa, oda moja inaandikwa mara mbili. Haitokei kila siku. Inatokea ikijisikia. Akaweka breakpoint(), amri ya Python ya kusimamisha programu katikati, mahali sahihi kabisa, akasubiri, na alasiri moja ikanasa. Programu imesimama katikati ya kosa, kila kitu kipo kwenye kumbukumbu, kilichobaki ni kuangalia tu. Akataka aanze na namba ya mteja. Mteja kahifadhiwa kwenye kigeu (variable) kinachoitwa c basi (aliyeuandika msimbo huo alishahama kazi, Mungu amsamehe). Kijana akaandika:

(Pdb) c.simu

Programu ikaondoka zake. Hakuna onyo, hakuna swali, hakuna namba ya simu. Kwa pdb, yaani dibaga ya Python, chombo cha kuchungulia programu iliyosimama, c ni kifupi cha continue (endelea), na pdb ilipoiona c ikaridhika. Oda ikaandikwa mara mbili, hali yote ya kosa ikayeyuka, na kutoka meza ya nyuma ikaja sauti ya mkubwa mmoja ambaye hata kiti hakukigeuza: "Soma mwongozo, dogo. Imeandikwa."

Nina hasira tangu siku hiyo.

Imeandikwa kweli, sibishi. Maelezo ya pdb yanasema unaweza kuacha alama ya mshangao mwanzoni mwa unachoandika, isipokuwa pale neno lako la kwanza linapofanana na amri ya dibaga. Mfano wao wenyewe ni ! n=42. Kwa hiyo kama kigeu chako kinaitwa a, b, c, d, h, j, l, n, p, q, r, s, u au w, unatakiwa ukumbuke kutanguliza mshangao, au uandike p c.simu. Hesabu hizo herufi. Zaidi ya nusu ya alfabeti! Na si herufi za ajabu ajabu: n ya namba, j ya jumla, d ya data, r ya jibu lililorudi kutoka seva (response), s ya maandishi (string). Ndizo hasa herufi ambazo kila mtu anazitumia akiwa na haraka, na hakuna anayefungua dibaga akiwa hana haraka.

Ndani yake hakuna miujiza. pdb imejengwa juu ya moduli iitwayo cmd, inayokuja na Python yenyewe. Moduli hiyo inasoma mstari wako kuanzia kushoto, inakusanya herufi, tarakimu na vistari vya chini mpaka ikutane na kitu kingine, kisha ilichokusanya inakiita amri. Kinachosalia kinapelekwa kwa amri hiyo kama maelezo yake. Kwa c.simu, amri ni c na maelezo ni .simu. Halafu continue, ambayo haina haja na maelezo yoyote, ilikuwa inayatupa bila kuyasoma na kuendelea na safari.

Hapo ndipo kosa lilipo, si kwenye vidole vya kijana. "Endelea .simu" haina maana kwa binadamu wala kwa mashine. Programu iliyopokea kitu kisicho na maana ilikuwa na njia mbili za heshima: ikuulize, au ikatae. Ikachagua ya tatu, kuchukua nusu ya maneno yako inayoielewa, kutupa nusu nyingine, na kutenda jambo lisilorudishika.

Linganisha na list. Kwenye dibaga hiyohiyo, zamani hizohizo, ukiandika list(oda) ukidhani unageuza kitu kuwa orodha, unajibiwa *** Error in argument: '(oda)'. Jibu baya, linachanganya, wageni wamelikunia vichwa miaka na miaka. Lakini halijaharibu kitu. Bado umesimama palepale, unaweza kujaribu vingine. Amri ya list ilisoma maelezo yake, ikaona hayaeleweki, ikasema. Hilo tu ndilo ninalodai. Sidai akili bandia inisome moyo. Nadai c isome kilichoandikwa mbele yake kabla haijabonyeza gesi.

Na c angalau unaishtukia, maana programu inakimbia ukiitazama. Afadhali hiyo. n.kiasi inasogeza mstari mmoja. s[0] inakuingiza ndani ya funksheni nyingine. r.status inakukimbiza mpaka mwisho wa funksheni uliyomo. Unapata mstari mpya kwenye skrini, umechoka, unadhani ulibonyeza mwenyewe, na kuanzia hapo unachunguza hali ambayo siyo uliyoisubiri. Mtu anaweza kukaa saa nzima anathibitisha kitu ambacho si kweli kwa sababu chombo chake cha kutafutia ukweli kimemsogeza bila kumwambia.

Mtu anayefungua dibaga ameshaacha kuiamini programu yake. Anajua kuna mahali inadanganya, hajui ni wapi. Kitu pekee alichobaki nacho cha kushika ni hicho chombo, na sharti pekee la chombo ni kwamba akiuliza swali, hali isibadilike. Kuangalia kuwe kuangalia. Daktari akikuwekea kipimajoto, kipimajoto kisikupe homa. Programu nyingine zikikosea tafsiri ya amri tunacheka, tunarudia. Dibaga ikikosea, inateketeza ushahidi, na kwa hitilafu zinazotokea zikijisikia, ushahidi huo unaweza usiupate tena mwezi mzima.

Msidhani hili ni la Python peke yake. Nendeni kwa wazee. GDB, kazi iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, dibaga ambayo nusu ya dunia ya lugha ya C imelelewa nayo, ina amri set. Inabadilisha mipangilio ya GDB yenyewe, na pia inabadilisha thamani za vigeu vya programu yako. Mlango mmoja, vyumba viwili. Sasa programu yako ina kigeu width, unaandika set width=13, GDB inakujibu Invalid syntax in expression, kwa sababu yenyewe ina mpangilio uitwao width, yaani upana wa skrini. Sawa, imekataa, hatujadhurika.

Lakini mwongozo unaendelea, na huu mfano ni wao, siutungi mimi. Kigeu chako kinaitwa g. Unaandika set g=4. Kimya. Unauliza p g, thamani ni ileile ya zamani. Unaanzisha programu upya, unaambiwa faili lako halifunguki, Invalid bfd target. Kumbe g ni kifupi cha gnutarget, mpangilio unaoiambia GDB faili lako ni la muundo gani, na wewe umeupa thamani inayoitwa "=4". Alama ya sawasawa ikiwemo! GDB ikaipokea "=4" kama jina la muundo wa faili bila hata kukunja uso. Mwongozo unalieleza hili kwa utulivu wa kushangaza, unasema thamani ya g haikubadilika na kwamba umeharibu gnutarget kimyakimya, kisha unakushauri utumie set var g=4.

Nawauliza. Aliyekaa akaandika aya hiyo, akatengeneza mfano, akaujaribu, akanakili matokeo, alikuwa ameshalijua tatizo kuliko mtu yeyote duniani. Muda alioutumia kuuandika mtego ungetosha kuuliza swali moja ndani ya msimbo: je, kuna muundo wa faili unaoitwa "=4"? Hakuna. Basi kataa. Badala yake tukapewa nyaraka, na nyaraka zikawa kinga ya mahakamani: ukiumia, ulionywa.

Ndiyo maana ile sentensi ya "imeandikwa" inanichefua. Kwenye fani yetu mwongozo umegeuzwa mahali pa kuzikia hitilafu. Mtu anaripoti, anajibiwa kwamba hiyo ndiyo tabia inayotarajiwa, aya inaongezwa, ripoti inafungwa. Na baada ya miaka kadhaa aya hiyo inageuka mtihani wa ukubwa: anayeijua ni mkongwe, asiyeijua ni dogo. Tunajisifia kovu.

Maana kurekebisha kuliwezekana. Python 3.13 ilipotoka Oktoba 2024, kwenye orodha ya mabadiliko, sehemu ya pdb, kulikuwa na mstari mmoja mnyenyekevu: semi (expressions) na sentensi za Python zinazoanza na kitu kinachofanana na amri ya pdb sasa zinatambuliwa sawasawa na kutekelezwa. Basi. Hakuna sherehe. Kwa lugha ya kwetu, dibaga sasa inaangalia kinachofuata baada ya herufi kabla haijaamua, na c.simu inakupa simu. Herufi c ikiwa peke yake bado ni continue, kama ilivyokuwa, hakuna mkongwe aliyevunjwa vidole. Huyo aliyekaa akaandika mabadiliko hayo na majaribio yake, kwangu mimi kafanya kazi kubwa kuliko nusu ya vipengele vinavyotangazwa kwenye makongamano.

Nikubali mawili matatu, kwa shingo upande. Vifupi vya herufi moja ni vitamu. Mimi mwenyewe ukininyang'anya n na s nitaandamana, na Enter tupu inayorudia amri iliyopita ni baraka unapotembea mstari kwa mstari. Ni kweli pia kwamba watu wana skripti za GDB za miaka 20, ukigusa kidogo unavunja jengo la mtu. Na n tupu haiwezi kuwa amri na kigeu kwa wakati mmoja, lazima mmoja ashinde. Haya. Lakini hakuna skripti duniani inayotegemea gnutarget kuitwa "=4", na kama ipo, mwenye nayo ajitokeze tumwone.

Wengine waliliona mapema. LLDB, dibaga nyingine, ilitenganisha tangu mwanzo: mipangilio ni settings set, thamani za programu ni expression, kila moja na mlango wake. Inachosha kuandika, lakini haikuchanganyi. Ukitumia VS Code, kihariri cha msimbo, kwa C++ na GDB nyuma yake, wamepindua kabisa: unachoandika kwenye Debug Console kinahesabiwa ni swali kuhusu programu yako, na ukitaka kuiamrisha GDB yenyewe unatanguliza -exec. Huo ndio mpangilio wenye adabu. Jambo la hatari ndilo linalobebeshwa neno la ziada. pdb ya zamani ilikubebesha mshangao wewe uliyetaka kuangalia tu.

(Na wenzangu mnaotengeneza menyu za USSD, msidhani mmesalimika. Sifuri ambayo ukurasa huu ni kurudi nyuma na ukurasa unaofuata ni kuthibitisha, ni dhambi ya ukoo huohuo, na mama zetu ndio wanaoilipia.)

Sasa tatizo la hapa kwetu. Seva tulizonazo haziko kwenye 3.13. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, Ubuntu 24.04 na 3.12, Debian 12 na 3.11. Ukiingia kwenye seva kwa mbali (ssh) usiku kutafuta kwa nini oda zimejirudia, dibaga utakayoikuta pale ni ile yenye mtego, hata kama kwenye laptopu yako umeshausahau. Kwa hiyo p c.simu, kila mara, au !c.simu. Au andika interact upate Python halisi isiyojua amri za dibaga. Kwenye GDB ni set var, hata kama kigeu chako kina jina refu kama treni ya mizigo. Na kama wewe ndiye mkubwa wa ofisi, kataza vigeu vya herufi moja nje ya vitanzi vifupi. Watakusema kwamba una makuu. Waache waseme.

Anayetaka kuona kazi kama hii inavyofanywa afungue faili la Lib/test/test_pdb.py kwenye msimbo wa Python. Ni mazungumzo matupu kati ya mtu na dibaga, mstari kwa mstari, mtu akiandika hiki dibaga ijibu kile. Ni mahali pazuri sana pa kuanzia kwa kijana anayetaka kuchangia mradi mkubwa huku hajui kona zake, na ninaamini kwenye amri za chombo chochote unachokitumia kila siku kuna angalau moja inayotupa maelezo bila kuyasoma. Jaribu kuipa takataka uone kama italalamika.

Na kabla hujaniandikia kwamba wanaume hutumia print, yaani kuchapisha thamani kwenye skrini: najua, na mimi natumia. Print inajibu swali ulilokuwa nalo kabla programu haijaanza. Oda iliyoandikwa mara mbili saa 9 alasiri inakuja na maswali ambayo asubuhi hukuwa nayo.