Nimekufa Altis, Mjumbe Kaja Sakina

Jamani naombeni mnisikilize kwanza kabla hamjaanza kunicheka. Mi nina miaka 39, nina steshenari yangu hapa Sakina, Arusha, natoa kopi, napiga pasipoti saizi, nina watoto wawili na mke anaenijua vizuri, ila jumamosi usiku mi ni mwanajeshi. Nabeba bunduki, mabomu mawili ya kurusha, bandeji kumi na mbili na redio, natembea kwa mguu kilomita nne za jua kali kwenye kisiwa cha Wagiriki, naenda kuuliwa na mtu ambae sijamwona na sitamwona. Halafu nazima kompyuta nalala. Jumapili kanisani nasinzia, mama watoto ananifinya.

Gemu lenyewe ni Arma 3. Limetoka Septemba 2013. Junior alikua hajazaliwa bado, leo ananishinda spidi ya kibodi na ananiuliza "baba hilo gemu la zamani unalicheza la nini", tena kwa sauti ileile mi niliyokua namuuliza baba yangu kuhusu redio yake ya National, ile aliyokua anaipiga kofi ndo iongee.

Na kinachonichosha sio gemu, ni maoni. Kila mtu ana maoni na hili gemu. Kuna dogo ananisaidia pale dukani, yeye kila akiniona nasubiri lifunguke anaguna, mkuu hilo limekufa, hamia Arma Reforger, ile imetoka 2022 ina injini mpya, majani yanatikisika. Sawa dogo, majani yanatikisika, ila hiyo Reforger vita vyake viko kisiwa cha Everon mwaka 1989, na Everon ndo kisiwa kilekile hawa Wacheki wanaotengeneza Arma walichoanza nacho kwenye gemu lao la kwanza mwaka 2001, kwahiyo na wewe unacheza nyumba ya zamani imepigwa rangi. Akanyamaza kidogo akasema basi nitasubiri Arma 4, wametangaza 2027. Nikamwambia we subiri, si una umri.

Halafu huyuhuyu dogo anacheza yale magemu ya watu mia wanarushwa kisiwani abaki mmoja, na hajui kwamba ule mchezo ulianzia humuhumu, kwenye modi za Arma, yani zile nyongeza wachezaji wanazojitengenezea wenyewe, kuna jamaa alichukua DayZ ambayo nayo ilikua modi ya Arma 2 akatengenezea vita ya abaki mmoja, baadae akaja kufanya nayo Arma 3, ndo dunia nzima ikafuata. Yani anamdharau bibi yake mzaa mama huku kavaa kanga zake.

Sasa mi sisemi gemu halina matatizo. Linayo, na mengine ni makubwa. La kwanza uzito. Prosesa yangu ina viini vinne, ila kazi kubwa inabebeshwa kiini kimoja, wengine watatu wanaangalia, kama kamati ya harusi tu, mmeandikwa watu kumi na mbili kwenye karatasi lakini anaehangaika na turubai na viti ni mweka hazina peke ake. Mi nilikua sijui hilo. Nikaagiza kadi ya grafiki mtumba kutoka Kariakoo, laki tatu na nusu, ikaja na basi, nikaifunga kwa mikono inatetemeka, nikawasha gemu. Fremu, yani picha kwa sekunde, zikapanda kutoka 22 mpaka 25. Laki tatu na nusu kwa fremu tatu! Na ukiingia ule mji wa Kavala zinarudi 17, unaona kama slaidi za semina. Mama watoto alivyoulizia ile hela nikamwambia ni kifaa cha printa, na mpaka leo mgeni akija anamwambia kwa fahari printa yetu imetengenezwa.

La pili ile menyu ya kuzungusha na mausi. Kila kitu kipo kwenye hiyo menyu, kufungua mlango, kupanda gari, kuokota bunduki, kutegua bomu, vyote vimejipanga foleni moja na ukikosea mstari mmoja umeumia. Tunacheza wanne sisi, mimi, dogo wa dukani (analaumu ila jumamosi yupo), fundi simu mmoja wa Kijenge, na mwalimu mmoja yuko Moshi. Fundi siku hiyo tuko kwenye helikopta, mita mia tatu juu, anataka kuhamia kiti cha mbele, kazungusha mausi, kabonyeza. Kimya. Tunamwita kwenye redio, fundi uko wapi. Anajibu kwa upole kabisa, "Natangulia."

Na ngazi! Aisee ngazi za humo zimeua watu wengi kuliko adui. Na lori likigusa jiwe dogo tu linaweza kuruka juu kama limeitwa mbinguni. Na wale askari wa kompyuta ukiwapa gari waendeshe msafara, wa kwanza anasimama, wa pili anamgonga wa kwanza, wa tatu anaingia shambani, wa nne karudi tulikotoka. Nilikua nadhani makonda na madereva wa vifodi vya Ngaramtoni ndo mwisho wa yote, kumbe wale wana nidhamu.

Lakini mtu asiniambie hawa jamaa hawakuhangaika. Hicho kisiwa cha Altis wamekichukua Lemnos huko Ugiriki, kwenye gemu kina kilomita za mraba karibu 270, kinafunguka chote mara moja, unatembea kutoka pwani hii mpaka pwani ile. Septemba 2012 wafanyakazi wao wawili walikua Lemnos, wakakamatwa, wakashukiwa ni wapelelezi wanapiga picha sehemu za jeshi, wenyewe wakasema wamekuja likizo tu. Wakakaa ndani siku 129, wametoka Januari 2013 kwa dhamana. Siku 129! Mi nikikaa polisi masaa mawili kwa kosa la taa ya pikipiki nitaacha kila kitu nilime vitunguu.

Na kitu kingine, hili bibi kizee mnalolicheka picha zake bado zinadanganya dunia. Tuna grupu la ukoo la whatsapp, shemeji yangu wa Boma Ng'ombe ndo msemaji wa mambo ya nje, mwaka 2022 akarusha video, usiku, mizinga inatema moto kwenda angani, ndege inakimbia, kaandika "UKRAINE HALI NI MBAYA TUOMBE." Mashangazi wote amina amina. Mi nikaangalia, nikaangalia tena, nikaandika shemeji hilo ni gemu, hata mi nacheza. Weee. Nikaambiwa sina utu. Nikaambiwa watu wanakufa mimi naleta mzaha. Bahati Novemba ya mwaka huohuo watengenezaji wenyewe wakatoa tangazo, kwamba video za gemu lao zinasambazwa kama vita ya kweli, wakaeleza na dalili zake, picha mbovu inatikisika, giza, mara nyingi haina sauti, watu hawaonekani wakitembea. Nikalitafsiri nikalibandika kwenye grupu. Shemeji akajibu na kidole gumba. Kesho yake karusha nyingine.

Haya, tuje kwenye lililonipata.

Ilikua juni, ile baridi ya Arusha inayoingia mpaka kwenye soksi, nimevaa koti, blanketi miguuni, hedifoni masikioni, saa sita na nusu usiku. Mwalimu wa Moshi ndo kamanda wetu, na kamanda kabla ya vita lazima atoe maelekezo, na kwakua yeye kule shuleni ni wa nidhamu basi maelekezo yanakua saa nzima. Ramani, mishale, kikosi A kikosi B, tuko wanne jamani, kikosi B ni mimi peke yangu. Anauliza "kuna swali?" hakuna, "basi mimi nitauliza," anaanza kutuuliza mmoja mmoja tumeelewa nini. Tumeanza kutembea saa sita kasoro. Tumetembea dakika arobaini, tumepita mizeituni, tumepita kanisa dogo, hatujaona hata mbuzi, na hapo ndo patamu, hapo ndo dogo haelewi, ile kutembea unasikia pumzi zako na nyasi tu na unajua kuna mtu mahali anakuangalia, unaogopa kwelikweli wakati umekaa kwenye kiti cha plastiki Sakina.

Pah. Moja tu.

Sasa sisi tumeweka modi ya matibabu, ukipigwa hujazi damu kwa kusimama nyuma ya ukuta usubiri, unatakiwa ufungwe mguu kwa kamba, upakwe bandeji, uchomwe mofini, na mara nyingi uko hoi hujiwezi. Nikasahau kwamba kuna dunia. Nikapiga kelele, "Nimepigwa! Nimepigwa mguu! Damu inatoka nyingi, njooni mnifunge! Wako nyuma ya ukuta, wako wengi, wana bunduki!"

Nyuma ya ukuta wangu anaishi mama Ema.

Mama Ema akapiga yowe moja halafu akapiga filimbi. Mtaa wote ukaamka. Mi nina hedifoni, sisikii kitu, nazidi tu, "Msipite barabarani, watawamaliza!" Mama watoto anatoka chumbani ananikuta nimejikunja na blanketi nalia mguu, na nje mlango unagongwa na fimbo. Nikavua hedifoni. Naambiwa fungua, mjumbe huyu.

Nje kuna watu kama kumi na tano, tochi, mapanga, mmoja kabeba mchi wa kinu. Mbele yao mjumbe wetu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, kavaa lile koti lake refu la kaki, wima kama nguzo ya umeme. Shikamoo mzee. Marahaba. "Majeruhi yuko wapi?" Nikaona aibu haina faida, nikamwonyesha kioo. Pale kwenye kioo mimi nimelala kwenye nyasi na fundi ananifunga bandeji. Wengine wakatukana wakarudi kulala. Mama Ema mpaka leo ananisalimia kwa jina tu, hasemi tena baba Junior.

Ila mzee hakuondoka. Kavuta stuli akakaa. Kaangalia kama dakika kumi hasemi neno. Halafu kaanza.

"Huyu kwanini anatembea juu ya mgongo wa kilima? Mpaka Moshi wanamwona." Nikasema mzee ndo kamanda wetu huyo. "Afe." Kamanda kafa baada ya dakika mbili, mzee hata hakutikisika.

"Mnatembea muda gani kabla ya kumkuta adui?" Nusu saa mzee, siku nyingine saa nzima. Akaitikia kwa kichwa, kwa mara ya kwanza naona kama amefurahi. "Na mnakula wapi?" Hatuli mzee. "Mtashindwa."

Mzee huyu alikuepo kwenye ile vita ya Kagera ya 78 na 79, na hua haiongelei, ila usiku ule akasema maneno mawili matatu, kwamba walitembea, sana, na kwamba watu wakiigiza vita wanaweka risasi nyingi na kutembea kidogo wakati kitu kilikua kinyume. Jumamosi iliyofuata karudi mwenyewe na chupa ya chai ya tangawizi. Dogo nae kaja na laptop yake kuonyesha gemu lake jipya, zile za mbio mbio, mtu anakufa na baada ya sekunde tatu yuko mzima. Mzee akauliza, "Huyu si kafa?" Kafufuka mzee. "Na siku ya tatu bado?" Akageuza stuli akanigeukia mimi. Dogo kafunga laptop taratibu.

Mwezi uliopita ndo akaomba kushika mwenyewe. Nikamwonyesha, hizi za kutembea, hii ya kulala chini, hii ya kupiga. Akasema hiyo ya kupiga acha kwanza, nipe ramani na dira. Akasoma ramani ya Altis robo saa nzima, miwani puani, mwalimu kule Moshi anasubiri kwenye redio na anaogopa kusema chochote. Halafu mzee akasogea taratibu, kaingia kichaka kimoja juu ya njia panda, akalala. Basi. Dakika kumi. Ishirini. Mi nasinzia, yeye macho kwenye kioo, hata chai hagusi. Dakika ya arobaini kamanda akajikaza, "Kikosi B, unafanya nini hapo?" Mzee akabonyeza kitufe cha redio nilichomwelekeza, akasema "Nalinda," akaachia.

Hapo hapo umeme ukakatika. Mtaa mzima giza, mbwa wanabweka. Mzee akakaa pale gizani kama dakika nzima bila kusema, halafu kachukua chupa yake na tochi akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nafungua duka, namwona anavuka barabara, nikajua kaja na barua za mtaa za kutoa kopi. Hana barua. Kainama dirishani, kaangalia kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, bado niko pale kichakani?"

Nikamwambia ndio mzee, bado upo.

"Vizuri," akasema. "Asinitoe mtu."